Miaka Minne ya Shangazi Wegesa kwenye Benchi la Nyuma

Waitara alifika kwangu Nyamisangura Ijumaa asubuhi, mwezi wa nane mwaka 1957, akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Aliegemeza baiskeli ukutani, tukasalimiana. Akauliza habari za shule ninayofundisha. Nikamwambia ni njema. Akauliza kama Tarime mvua zimenyesha. Nikamwambia ni kiangazi, zitoke wapi. Akaomba maji, akanywa, akaomba mengine. Halafu akaanza kunieleza habari za fahali wa baba yake aliyevunjika mguu akivuka korongo, walivyomchinja, nani alipata paja na nani alinyimwa.

Waitara ni mtoto wa mzee Nyangwine, na Nyangwine ni mdogo wake marehemu Nyamhanga, mume wa shangazi yangu. Mtu hatoki Busawe kwa baiskeli, akavuka mto Mara, akalala njiani kwa watu, ili aje kusimulia habari za fahali. Nilijua tangu yale maji ya pili. Lakini kwetu habari ya namna hiyo haitolewi mlangoni kama barua. Lazima izungushwe kwanza, ipitishwe kwa ng'ombe na kwa mvua, na anayeipokea lazima akae akitikisa kichwa kana kwamba hajui. Nilitikisa kichwa kwa fahali yule mpaka shingo ikauma.

Mwishowe akasema, "Shangazi yako anaumwa kidogo. Wanasema uje."

"Waitara, amekufa lini?"

Akatazama gurudumu la baiskeli yake. "Jana alfajiri. Ni kichomi. Wamesema watakungoja mpaka kesho."

Nilikaa kitandani. Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa machozi, ilikuwa hasira. Baraza la kanisa lilikuwa likutane mwezi wa tisa kuamua kama shangazi Wegesa arudishwe kwenye meza ya Bwana. Miaka minne alikuwa hajaikaribia meza ile. Miaka mitatu na nusu ilikuwa kwa ukaidi wake mwenyewe, iliyobaki kwa ukaidi wa watu wengine, nami nikiwa mmoja wao. Halafu, mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe, akaondoka. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuiandika, kwa sababu tayari nimesikia watu wakiisimulia vibaya.

Shangazi Wegesa alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Mama yangu alifariki nikiwa nanyonya, naye akanichukua Busawe kwa mumewe na kunilea. Yeye alizaa mabinti wawili tu, wakaolewa mbali mapema, kwa hiyo nyumba yake ilikuwa yeye na mimi. Aliniita baba, kwa kuwa nimerithi jina la kwetu la baba yake, hata akiwa ananichapa. Nyumba ya pili katika boma lile ilikuwa ya mke mwenzake, Gati, ambaye mimi humwita mama mdogo. Gati alikuwa na watoto watano.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwenye watano.

Mwaka 1949 kanisa lilifungua darasa la kusoma kwa watu wazima, chini ya banda la mabua ya mtama, siku mbili kwa juma. Shangazi alijiandikisha wa kwanza. Hakuwa Mkristo bado, alitaka kujua tu kilichomo ndani ya barua nilizomwandikia kutoka shuleni bila kumwomba mtu mwingine amsomee. Alisoma kwa fujo. Aliandika herufi kwa mkaa kwenye ukuta, kwenye kibuyu, kwenye mlango wa zizi. Siku walipofundishwa kuhesabu alirudi nyumbani kichwa kimejaa namba, akakuta watoto wa Gati wanaingia na mbuzi, akawanyooshea mwiko mmoja mmoja, akatamka kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Mtu wa mahali pengine atauliza amefanya nini hapo. Kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi. Mchungaji anajua ng'ombe wake kwa rangi na kwa pembe, akikosekana mmoja anajua ni yupi, na hana haja ya namba. Kumtamka mtoto wa mwenzio kwa namba ni kumwonyesha kwa kitu kisicho na jina, kije kimchukue. Shangazi alilijua hilo tangu tumboni. Siku ile alisahau tu, kwa furaha ya darasa. Nyamhanga alimkaripia, yeye akaufunika mdomo wake kwa mkono, watu wakacheka kidogo, yakaisha.

Siku ya kumi surua ikamchukua yule wa tano, msichana wa miaka miwili.

Wakati wa matanga, uwanja umejaa watu, Gati aliyekuwa amelala chini kwenye vumbi alinyanyuka akasema, "Mnalia nini? Muulizeni aliyewahesabu." Hakusema zaidi. Lakini uwanja mzima uligeuka kumtazama shangazi, na wapo walioondoa watoto wao karibu naye. Mimi nilikuwapo, likizo, nikiwa na kaptula ya shule. Shangazi aliingia ndani akakaa siku mbili.

Tangu siku ile hakumsemesha Gati. Waliishi boma moja, wakichota maji mto mmoja, na baada ya Nyamhanga kufariki mwaka 1951 wakawa wajane wawili wanaolima mashamba yaliyopakana, wala hakumsemesha. Akilazimika kumwambia jambo, alimwambia kuku. "We kuku, mwambie mwenzangu mbuzi wameingia kwenye muhogo." Gati naye alimjibu kuku yuleyule. Kuku wa boma lile walikuwa wanajua mambo mengi.

Mwaka 1952 shangazi alibatizwa. Mwaka uliofuata Gati akabatizwa. Mimi nilikuwa sekondari, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na nilipopata barua hiyo nilimshukuru Mungu kwa magoti. Nilidhani maji yale yamemaliza kila kitu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilidhani watu wanabadilika kama shati.

Kwetu kanisani, kabla ya kushiriki meza ya Bwana, watu huoshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili, kwa beseni na taulo. Na sheria ni moja: mwenye ugomvi na mwenzake aupatanishe kwanza, la sivyo asikae kwenye meza. Pasaka ya 1953 mzee wa kanisa, Kornelio, mtu mnyoofu asiye na kona hata moja, aliwapanga wanawake kama walivyoketi, na shangazi akajikuta mbele yake pana miguu ya Gati. Akasimama. Akalikunja taulo vizuri, akalirudisha kwenye beseni, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa.

Kornelio alimfuata nyumbani. Shangazi akamwambia kwamba Gati hajafuta neno lake. Gati akaitwa, akasema amekosa, anaomba msamaha. Alisema hivyo mara nne ninazozijua: jikoni, mtoni, mbele ya Kornelio, na siku moja njiani akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Shangazi alikuwa na jibu moja, na alilielekeza kwa Kornelio maana kuku hakuwa karibu: "Alilisema uwanjani, mbele ya watu wa msiba. Sasa analifuta jikoni? Lile neno linatembea na watu wale mpaka leo. Mimi nikipita, mama wa mtoto mchanga anamfunika."

Ni kweli walikuwa wanafunika. Lakini Gati hakuweza kusimama uwanjani na kulitaja tena. Kila alipojaribu alitetemeka, akasema hakumbuki vizuri alisema nini. Shangazi akaona ni ujanja.

Basi ikawa hivyo. Mara nne kwa mwaka shangazi alitembea saa nzima kwenda kanisani siku ya meza, ameoga, amevaa vizuri, aliimba, alisikiliza neno, na mabeseni yalipoletwa aliinuka akaenda benchi la nyuma. Alikaa pale akitazama wengine wakila na kunywa. Nilimwuliza kwa nini basi anakwenda siku hiyo, si abaki nyumbani. Akasema, "Mimi ni wa nyumba hii. Kwani ukigombana na mwenzio unahama?"

Niseme wazi, alinichosha. Kila likizo nilirudi na hoja mpya. Nilimsomea. Nilimweleza kwamba neema ya Mungu haisimami mahali pamoja, kwamba Mkristo asiyekua ni kama mmea uliodumaa, kwamba miaka inakwenda. Alisikiliza huku akipepeta wimbi, kisha akaniambia nisogee, nimekaa kwenye upepo. Mwaka 1955 Gati alishikwa na homa kali wiki tatu. Shangazi alimpikia uji, akamnywesha kwa mkono wake, akamgeuza, akamfulia, akakesha naye, na muda wote huo alikuwa akimsemesha kuku. Niliporudi na kuyakuta hayo nilipandwa na hasira. Nikamwambia, shangazi, umemlisha kwa mkono wako siku ishirini, kumsamehe kumekushinda nini?

"Uji ni uji," akasema.

Niliandika katika daftari langu kwamba shangazi hakui. Daftari hilo ninalo bado, na ukurasa huo siuchani, ukae pale unitazame.

Sasa lilikuja jambo ambalo mimi sikulipanga wala Kornelio hakulipanga. Mwishoni mwa 1956 aliyekuwa akifundisha lile darasa la kusoma alihama, na shangazi, kwa kuwa alisoma vizuri kuliko wote, akapewa wanawake wanaoanza. Siku moja Gati akaja akaketi kwenye jiwe la mwisho na ubao wake. Alitaka kusoma nyimbo mwenyewe. Shangazi hakumfukuza. Alimfundisha herufi kwa kuwasemesha wengine wote, akimtazama mtu wa pembeni. Kufikia Januari wakaingia kwenye namba.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Kila mwanamke alisimama akahesabu punje za mahindi kwa sauti mpaka kumi. Gati aliposimama alisema moja, mbili, tatu, nne, akanyamaza. Wenzake wakacheka, wakamnong'oneza inayofuata. Akaanza tena: moja, mbili, tatu, nne. Akashika punje ya tano mkononi na mdomo ukakataa kufunguka. Wanawake wakaanza kumtania kwamba ubatizo wake ulifika mpaka nne tu.

Shangazi akawaambia wanyamaze. Halafu akamwambia Gati, yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, "Gati, keti. Hiyo tutaisema siku nyingine."

Wakarudi nyumbani pamoja. Njiani shangazi alimwambia hataki tena neno lifutwe, popote, na kwamba yeye ndiye anayeomba msamaha kwa siku ile ya mwiko. Aliponieleza haya alikuwa akimenya muhogo na hakuinua macho. "Nilidhani lile neno linanikaa mimi peke yangu," akasema. "Kumbe lilimkaa na yeye, na kwake lilikaa pabaya zaidi."

Ingeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia kanisani. Lakini watu wetu hawajui kuishia mahali pazuri.

Gati sasa ndiye aliyetaka mambo yafanyike sawasawa. Kwa kuwa mwenzake amemwachia, alipata nguvu, akataka kusimama uwanjani palepale mbele ya watu walewale. Akamwendea shemeji yao Nyangwine, ambaye ndiye mzee wa boma sasa, awaite watu. Nyangwine akafurahi sana, akasema ni jema, lakini neno lililosemwa juu ya maiti halifutwi kwa maneno matupu, litarudi. Lazima mbuzi. Akatoa mbuzi wake mwenyewe. Jumamosi moja mwezi wa kwanza watu wakakusanyika, Gati akasimama akalisema lile neno na kulikana, bila kutetemeka. Mbuzi akachinjwa, wazee wakachukua ule ujani mbichi wa tumboni mwake, majani aliyokuwa amekula, wakawapaka wote wawili kifuani na kwenye paji la uso, wakanywa maziwa katika kibuyu kimoja. Akina mama wenye watoto wachanga wakaja wakawaweka watoto wao mapajani mwa shangazi. Hilo ndilo alilokuwa akilingoja tangu 1949, nalo akalipata.

Kesho yake ilikuwa siku ya meza. Wajane hawa wawili walikwenda kanisani wameshikana mikono kama wasichana. Na wakati wa ushuhuda, kabla ya mabeseni, shangazi akasimama mbele ya kusanyiko lote akamshukuru Mungu, akaeleza jinsi walivyopatana, na kwa kuwa alikuwa mtu asiyeficha, akaeleza kila kitu. Mbuzi alikuwa wa rangi gani. Wazee walisema nini. Ule ujani ulipakwa wapi. Akaonyesha kwa kidole kifuani.

Wanasema uso wa Kornelio ulikuwa kama wa mtu aliyemeza mfupa.

Baraza la wazee lilikaa juma lile. Walisema kupatana ni kwema, lakini kupakwa matumbo ya mbuzi na wazee wa mila ni kurudi nyuma, tena mbele ya kanisa zima. Wote wawili wakafungiwa meza kwa miezi sita, mpaka mwezi wa saba. Nilipopata habari nilipanda baiskeli Jumamosi hiyohiyo, nikafika Busawe jioni nikiwa sina hata mate ya kusalimia. Nilimpa shikamoo nikiwa bado nimeshika usukani. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Nilimwambia tutakwenda kwa Kornelio sasa hivi. Nilimwambia nitamwandikia mchungaji, na baraza kubwa lililo juu ya wazee wetu, na yeyote mwenye anuani. Nilitegemea awake, maana nilimjua. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumzuia mchungaji njiani mpaka aombe radhi kwa kumwita yeye kwa jina la Gati kwa bahati mbaya.

"Keti kwanza, baba, unamwaga jasho kwenye wimbi langu," akasema. Nikaketi. "Miezi sita si mingi. Mimi nilijifungia mwenyewe miaka mitatu na nusu, sikumlalamikia mtu."

"Lakini wamekosea, shangazi."

"Labda wamekosea. Kornelio anaogopa watu wasirudi gizani, na anaogopa kweli, hafanyi mchezo. Mimi nilikuwa na haki miaka yote ile, na haki yangu haikunipa hata tone la kile kikombe. Niache nikae."

Na akakaa. Kila Jumapili wawili hao walikuwa kwenye benchi la nyuma, na kitabu kimoja cha nyimbo kati yao, shangazi akimwonyesha Gati mistari kwa kidole. Aliwasalimu wazee wa kanisa kwa heshima. Kornelio alipougua mgongo, walikwenda pamoja kumpalilia mtama. Mtu mwenye macho angeona kwamba mwanamke yule amekua mpaka amepita paa. Mimi nilikuwa na elimu, kwa hiyo niliona dhuluma tu.

Nikaandika barua. Kurasa sita, kwa wino wa bluu, kwa mchungaji na nakala kwa baraza kubwa. Niliwaita wazee wa Busawe mafarisayo. Niliandika kwamba Kornelio anachuja mbu na kumeza ngamia. Ilikuwa barua nzuri sana, rafiki zangu walimu waliisoma wakanipongeza.

Ndipo nikajifunza jinsi baraza linavyofanya kazi. Kesi ikishakatiwa rufani, wazee wa mahali hawawezi tena kuifungua wala kuifunga. Mwezi wa saba ulipofika, Kornelio, ambaye alikuwa ameshaandaa mioyo ya wenzake na kupanga siku ya kuwarudisha wajane wote wawili, aliandikiwa kwamba asubiri. Suala liko mbele ya baraza kubwa kwa sababu ya malalamiko ya mwalimu Rubeni wa Tarime. Baraza kubwa litakutana mwezi wa tisa.

Kama nisingeandika neno, shangazi angekula na kunywa Jumapili ya pili ya mwezi wa saba.

Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mwingine, ingawa alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa nje na Gati wakichambua mboga. Nilisimama mbele yao kama mwanafunzi aliyevunja dirisha, nikasema nilichofanya. Gati ndiye aliyecheka kwanza, akasema, "Mwalimu huyu ametusaidia mpaka basi." Shangazi akaniuliza kama barua niliiandika kwa mwandiko mzuri. Nikasema ndiyo.

"Umesoma kutupita wote," akasema, "lakini katika mambo haya bado uko kwenye a, e, i, o, u. Wala si neno, baba. Na mimi nilikaa kwenye 'a' muda mrefu." Kisha akaniambia jambo ambalo nimelichukua. Alisema alidhani zamani kwamba siku ya kubatizwa mtu anaoga mara moja basi, na aliposhindwa na Gati aliona aibu, akafikiri labda maji yake hayakushika. Halafu akiwa kule nyuma, akiyatazama mabeseni mwaka baada ya mwaka, akaelewa kwamba Bwana mwenyewe aliwaosha miguu watu waliokwisha kuoga. Walikuwa wake, na walikuwa na vumbi. "Njia ina vumbi, Rubeni. Kila siku. Nilikuwa nakataa beseni, si kwamba sikuwa wake."

Akaniambia niketi nisaidie mboga. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza naye.

Siku ile ya Ijumaa mimi na Waitara tulitoka Nyamisangura kabla jua halijakolea, tukavushwa mto Mara kwa mtumbwi pamoja na baiskeli zetu, tukafika Busawe jua linazama. Gati alinishika mkono akanipeleka ndani. Alikuwa amemwosha, amemfunga shuka jeupe. Alisema kichomi kilimchukua siku nne, na kwamba siku ya tatu aliomba wimbo, wakauimba wote wawili, Gati akisoma mwenyewe.

Jumamosi asubuhi kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba yake na watu wamejaa, lakini hatukuweza kuzika, kwa sababu wazee walikuwa wakibishana. Kornelio alikuwa amekuja na wenzake wawili wa baraza. Wale wawili walisema kanisa haliwezi kuongoza maziko ya mtu ambaye kesi yake haijaamuliwa, wataonekana wamelitangulia baraza kubwa. Nyangwine akasema vizuri, kama kanisa halimtaki, ukoo unajua kuzika watu wake, akatuma mtu akalete ng'ombe. Mmoja wa wale wawili akataja barua yangu. Wote wakanigeukia. Kwa mara ya kwanza sikutafuta hoja. Jua lilikuwa linapanda na shangazi yuko ndani.

Gati akatoka nje. Alikuwa mwanamke mpole, hajawahi kusimama kwenye mkutano wa wanaume. Akawaambia, "Kesi yake na yangu ni moja. Tulipakwa pamoja, tukafungiwa pamoja. Mimi bado nipo, nihukumuni mimi mwezi wa tisa. Huyu mmwache sasa."

Akamgeukia shemeji yake, akamwomba ng'ombe arudi malishoni. Nyangwine akatikisa mkono na ng'ombe akarudishwa.

Kornelio alivua kofia. Hakuwaangalia wenzake. Alisema yeye atamzika, na baraza likitaka kumwuliza litamkuta nyumbani kwake. Wale wawili hawakuondoka, ila hawakusogea mbele.

Tulimtoa ndani watu sita, mimi nikiwa upande wa kichwa, Waitara nyuma yangu. Tulimshusha kwa kamba. Kornelio alisoma kwa ufupi, akaomba. Wanawake waliimba nyimbo mbili. Gati alirusha udongo wa kwanza, kisha mabinti wa shangazi, kisha mimi, kisha Nyangwine. Vijana wakafukia. Mmoja wa wale wazee wawili alichukua jembe mwishoni akasaidia kusawazisha udongo. Tukaweka mawe pembeni, mbuzi wasipande juu. Tukanawa mikono, tukaketi, Gati akaleta uji.